Mto Ruaha Mkuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akishajua kwamba natoka Iringa, hachukui muda kuniuliza: "Hivi ule mto wenu bado unakauka?" Mwingine anadhani Ruaha ni mbuga tu, mwingine anadhani ni kituo cha basi, na kuna aliyewahi kunibishia kwamba mto wenyewe uliisha zamani. Nimeyakusanya hapa maswali ninayokutana nayo mara nyingi. Mengine nimeyajibu kwa mistari michache kwa sababu hayana mengi. Mengine yamenichukua nafasi, hasa yale ya Usangu, uwanda unaolimwa mpunga ambao mto unaupitia, maana huko ndiko kwenye kiini cha habari ya mto huu.

Ruaha Mkuu ni mto gani hasa?

Ni tawimto la Rufiji. Unachukua maji ya nyanda za juu kusini na ya sehemu kavu za katikati ya Tanzania, unapita au kugusa mikoa ya Njombe, Mbeya, Iringa, Dodoma na Morogoro, kisha unaingia Rufiji. Urefu wake ni kama kilomita 475. Eneo linaloutiririshia maji ni karibu kilomita za mraba 84,000, yaani karibu nusu ya bonde zima la Rufiji.

Nusu ya eneo haimaanishi nusu ya maji. Sehemu kubwa ya bonde hilo ni nchi kame, kuanzia Isimani mpaka upande wa Dodoma na Singida, ambako mvua haitoshi hata mahindi. Ndiyo maana Ruaha Mkuu unachangia chini ya robo ya maji ya Rufiji. Kilombero, mto mwingine unaoingia Rufiji wenye eneo dogo zaidi, unauacha mbali sana. Ukitaka kuuelewa mto huu, anza na hapo: jina ni kubwa na bonde ni kubwa, maji ndiyo ya kuhesabu.

Jina linatoka wapi? Mbona kila kitu kinaitwa Ruaha?

Linatoka kwenye neno la Kihehe, *ruvaha*, ambalo maana yake ni mto. Kwa hiyo tunaposema "Mto Ruaha Mkuu" tunasema "mto mto mkuu". Wahehe hawajali, wala wewe usijali.

Unaitwa Mkuu ili usichanganywe na Ruaha Mdogo, ule unaoanzia Mufindi na kupita Iringa mjini, ambao wakazi wa mji wanaunywa kila siku. Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyotekwa na Wajerumani mwaka 1894, iko kando ya huo Mdogo. Ukiachilia mito yenyewe, kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kuna Ruaha Mbuyuni kwenye barabara kuu ya Iringa kwenda Morogoro, na kuna mji wa Ruaha karibu na Kidatu. Ukipanda basi, mwambie kondakta vizuri unashukia Ruaha ipi. Tofauti yake ni saa kadhaa za safari na nauli ya pili.

Unaanzia wapi?

Kwenye milima ya Kipengere na Poroto, na kwenye uwanda wa Kitulo, kule kwenye baridi na maua, ambako baadhi ya sehemu ziko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hauna chemchemi moja ambayo mtu anaweza kuizungushia uzio na kusema mto unaanzia hapa. Ni vijito vingi vinavyoporomoka kutoka milimani na kufika bondeni Usangu vikiwa mito yenye majina yake: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha wenyewe ukiwa bado mdogo. Ndembera unatoka upande wa Mufindi na kuingia kupitia Madibira.

Mwenye kusafiri barabara ya Makambako kwenda Mbeya anaivuka mito hiyo bila kujua. Pale Igawa unapita juu ya Mbarali. Chungulia dirishani mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa kimepamba moto, utaona maji safi yanapita kwenye mawe. Kumbuka maji hayo, tutarudi kwayo.

Ihefu ni nini, na kwa nini inatajwa kila siku?

Ihefu ni ardhioevu, bwawa la matete na nyasi lililoko mashariki mwa uwanda wa Usangu. Uwanda wenyewe ni kama sinia: bapa, mpana, umezungukwa na miinuko. Mito yote niliyoitaja inamwaga maji ndani ya sinia hilo. Masika maji yanasambaa, yanatengeneza mbuga za maji magharibi na mashariki, ndege wanakuja kwa maelfu, kambare wanazaliana. Kiangazi maji yanarudi nyuma mpaka inabaki Ihefu tu.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wengi hawaijui. Sinia lina mdomo mmoja. Unaitwa Ng'iriama, ni mwamba ulioziba njia upande wa kaskazini-mashariki, na maji yote ya Usangu lazima yapite juu yake ndipo yaendelee kuitwa Ruaha Mkuu na kuingia hifadhini. Mwamba huo ni kizingiti. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto unatiririka. Yakishuka chini yake hata kwa kiganja kimoja, mto umekatika, haijalishi kama huko nyuma bado kuna bwawa lenye matete ya kijani na viboko wanakoroma.

Kwa hiyo mto huu haufi taratibu kama mito mingine inavyopungua mpaka kuwa uzi. Unafika kizingitini na kukatika.

Ni kweli unakauka? Tangu lini?

Kweli kabisa. Tangu mwishoni mwa mwaka 1993 sehemu inayopita hifadhini imekuwa ikikatika kiangazi. Muda unatofautiana: mwaka mwingine wiki chache, mwaka mwingine zaidi ya miezi mitatu, kwa kawaida kuelekea mwisho wa mwaka kabla mvua hazijakolea. Wazee wa pale wanakumbuka mto uliokuwa unapungua kiangazi lakini haukosi maji.

Haukauki wote. Huko juu milimani maji yapo. Chini ya hifadhi, Ruaha Mdogo unaingia na kuupa uhai tena kabla haujafika Mtera. Kinachokauka ni katikati, kama mkufu uliokatika kipande cha kati, na kipande chenyewe ndicho chenye tembo.

Nani anaukausha: wakulima, wafugaji, au ni mvua tu?

Hili ndilo swali linaloweza kuvunja kikao. Nitasema ninavyoona.

Tuanze na mvua. Kama mvua ndiyo ingekuwa mkosaji mkuu, mito ingekuwa imekauka tangu inapotoka milimani. Lakini yale maji niliyokuonyesha pale Igawa mwezi wa kumi yapo. Yanaingia Usangu. Tatizo ni kwamba hayatoki. Maji yakiingia nyumbani mlango wa mbele na mlango wa nyuma hayatokei, unamuuliza mwenye nyumba, humuulizi wingu.

Wafugaji. Kwa miaka mingi lawama ziliwaangukia wao, na mwaka 2006 na 2007 waliondolewa Ihefu na mifugo yao, Wasukuma, Wabarabaigi, Wamasai na wengineo. Wengi walielekea Lindi na Rufiji, na walipoteza ng'ombe wengi njiani. Sikatai kwamba ng'ombe wengi wanakanyaga ardhi, wanamaliza majani na kuharibu kingo. Lakini ng'ombe anakunywa debe mbili, hanywi mto. Maji wanayokunywa ng'ombe wote wa Usangu ni kidogo sana ukilinganisha na yanayopita kwenye mifereji. Ng'ombe waliondoka, na mto ukaendelea kukatika.

Tunabaki na mifereji. Hapa pia watu wanakosea, wanasema "mpunga unamaliza mto". Mpunga wa Usangu unalimwa zaidi kwa maji ya masika, na masika maji yapo ya kumwaga. Kinachoumiza ni miezi ya Agosti mpaka Desemba, wakati mto una maji kidogo na mabanio, vile vizuizi vya kuingiza maji ya mto mferejini, bado yako wazi. Kwa nini yako wazi wakati hakuna mpunga shambani? Sababu ziko kadhaa. Vijiji vingi vilivyo kando ya mifereji havina maji mengine, kwa hiyo mfereji unaachwa utiririke kilomita na kilomita ili mama ajaze ndoo na watu wafyatue tofali, na njiani maji mengi yanazama ardhini au yanapaa na jua. Wengine wanamwagia bustani. Na kuanzia Oktoba wapo wanaokimbilia kuotesha vitalu mapema, kwa sababu anayevuna kwanza anauza kwa bei nzuri kabla soko halijajaa.

Kuna jambo lingine linalonikera kwa jinsi lilivyo kinyume. Zamani banio lilikuwa la miti, mawe na majani. Lilivuja. Wakulima walilalamika, kila mwaka mafuriko yalilibomoa, wakajenga upya. Maji yaliyovuja ndiyo yaliyokwenda Ihefu. Zikaja fedha za miradi, mabanio yakajengwa kwa zege na milango ya chuma, yakaitwa yaliyoboreshwa. Na kweli ni mazuri: yanaweza kuchukua mto wote wa kiangazi bila kuacha tone. Tuliboresha mlango wa kuingiza, hatukufikiria aliyeko chini.

Banio linafanyaje kazi? Maji yanagawanywaje?

Banio ni kizuizi kinachovuka mto kwa kiasi na kuyasukuma maji upande kwenye mfereji mkuu. Mfereji mkuu unagawanyika kuwa midogo, na midogo inaingia kwenye majaruba. Jaruba ni kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yasimame. Maji yanapita jaruba hadi jaruba, wa juu akishashiba anamwachia wa chini.

Kwa maneno inaonekana rahisi. Nilikwenda kumtembelea mjomba wangu upande wa Rujewa mwezi wa kumi na mbili, mwaka ambao mvua zilichelewa. Zamu yake ya maji ilikuwa kuanzia saa sita usiku mpaka alfajiri. Tulikwenda na tochi, jembe na chai kwenye chupa. Saa nane maji yakapungua ghafla mferejini. Mjomba hakusema kitu, alitega sikio, akaanza kupanda mfereji kuelekea juu. Mbele kama nusu kilomita tukakuta tuta limekatwa upana wa jembe moja, maji yanaingia kwenye shamba la mtu kimyakimya. Mwenye shamba alikuwa amekaa pale pale gizani.

"Kamwene, baba," mjomba akamsalimia.

"Kamwene. Nilikuwa nalowanisha kitalu tu, kaka. Miche inakufa."

Mjomba akaziba kwa tope, akabakiza upenyo wa kiganja. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza kwa nini hakuziba pote. Akasema, "Mwaka kesho pia nitakuwa chini yake." Mpaka leo sijasikia maelezo ya Jumuiya za Watumia Maji, vikundi vya watu wanaogawana maji, yaliyo bora kuliko hayo. Jumuiya hizo zipo kisheria na nyingine zinafanya kazi vizuri, lakini saa nane za usiku zamu inalindwa na aliye macho.

Nani alianza kulima mpunga Usangu?

Wasangu walikuwa wakulima na wafugaji kabla, lakini kilimo cha mpunga wa kumwagilia kwa mifereji kinahusishwa na Wabaluchi waliofika huko na kuanza kulima miaka ya 1930. Hawa ni watu wenye asili ya Baluchistan, ambao wengi wao walikuja Afrika Mashariki kwa njia ya Omani na Zanzibar. Ukoo wao bado upo Usangu.

Baadaye serikali ikaja na mashamba makubwa: shamba la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970, halafu Kapunga. Yote mawili yalibinafsishwa. Madibira ni skimu ya wakulima wadogo walio kwenye ushirika. Mbegu inayotawala siku hizi ni Saro 5, na pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, imechukua nafasi ya maksai katika kuvuruga majaruba. Mchele unaouzwa Dar es Salaam kwa jina la "mchele wa Mbeya", sehemu yake nzuri umeoteshwa na maji ya Ruaha hata kama gunia halisemi.

Hifadhi ya Ruaha inategemeaje mto?

Kwa kiangazi, inautegemea karibu kwa kila kitu. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2008 iliongezwa kwa kuunganishwa na Usangu ili Ihefu iwe ndani, ikavuka kilomita za mraba 20,000. Nyongeza hiyo ilileta mvutano wa mipaka na vijiji vya Mbarali ulioendelea kwa miaka mingi. Ni habari ndefu, na wanavijiji wana hoja.

Makao makuu yako Msembe, kama kilomita 130 kutoka Iringa mjini, na mto unapita hapo hapo. Mto ukikatika hubaki vidimbwi. Nilikwenda mwishoni mwa Oktoba nikaona viboko zaidi ya ishirini wamejibana kwenye dimbwi lisilozidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa wavu. Hakikuwa kitu cha kuita maji, ni uji wa tope na kinyesi, na migongo yao ilikuwa imepasuka kwa jua. Samaki walikuwa wamekwisha. Mamba walilala kwenye mashimo ya kingo. Mita mia mbili mbele, tembo jike alikuwa anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anasubiri maji yachuje, anakunywa. Nyuma yake ndama, na nyuma ya ndama swala wakisubiri zamu yao kwenye shimo hilo hilo.

Kejeli yake ni kwamba waongoza watalii watakuambia njoo kiangazi, Juni mpaka Oktoba, ndipo wanyama wanaonekana vizuri. Ni kweli. Wanaonekana kwa sababu hawana pa kwenda.

Mtera na Kidatu ni nini kwenye mto huu?

Ni mabwawa mawili ya umeme, na yanafanya kazi kama ghala na duka. Kidatu ndilo duka: lilianza kuzalisha mwaka 1975, likakamilika awamu ya pili mwaka 1980, uwezo wake megawati 204. Maji yanaanguka mita zaidi ya 170 kupitia handaki ndani ya mlima. Lakini bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo, haliwezi kutunza maji ya mwaka. Kwa hiyo ghala likajengwa juu, Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja baadaye, mwaka 1988.

Mtera likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Likishuka mpaka 690, mitambo inapaswa kusimama. Tarakimu hizi mbili zilikuwa zikisomwa redioni mpaka watoto wa shule wakazijua.

Je, mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulisababishwa na wakulima wa Usangu?

Ndivyo tulivyoambiwa wengi. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme kiangazi chote cha siku 100 Usangu wangeachia mita za ujazo nne kila sekunde, ambayo kwa mto huu wakati huo si haba. Hiyo ni karibu mita za ujazo milioni 35. Mtera likijaa lina zaidi ya bilioni 3. Umeongeza kama asilimia moja.

Kinachojaza Mtera ni mafuriko ya masika, na hayo yanatoka Usangu, Ruaha Mdogo, na Kisigo unaotoka upande wa Singida. Mvua zikikosa, Mtera inalala na njaa hata mabanio yote yakifungwa. Kuna pia suala la namna maji yanavyotumika ghalani: watafiti walioangalia takwimu za mabwawa walisema wazi kwamba uamuzi wa lini kufungulia na kiasi gani ulichangia uhaba wa miaka ya 1990. Na bwawa pana lenye kina kifupi katika nchi ya jua kali kama ile linapoteza maji mengi yakipaa hewani.

Kwa hiyo yapo matatizo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja. Mto kukatika Oktoba kunaua viboko. Taa kuzimika kunatokana zaidi na masika mabaya na uendeshaji. Tukiyachanganya, tunamkamata mkulima kwa kosa ambalo si lake, na lile ambalo ni lake halitatuliwi.

Serikali imefanya nini?

Mengi yameahidiwa. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utakuwa unatiririka mwaka mzima. Ikafika 2010 na mto ukakatika kama kawaida. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kikosi kazi cha kuokoa ikolojia ya mto huu. Bwawa la Lugoda kwenye Ndembera, la kutunza maji ya masika yatolewe kiangazi, limezungumzwa muda mrefu.

Kwa maoni yangu, jambo la bei nafuu kuliko yote ni visima. Kijiji kikiwa na kisima kizuri, hakuna sababu ya kuacha mfereji wazi Agosti kwa ajili ya ndoo.

Nikitaka kumwagilia kwa maji ya Ruaha nahitaji kibali?

Ndiyo. Kuchota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Ukiweka pampu au banio, unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, ofisi yake kuu iko Iringa. Msingi wake ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Kibali kinaandika kiasi, na una ada ya kulipa. Halafu kuna sheria ya mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Bustani ya mchicha pembeni kabisa ya maji, hata kama babu yako alilima hapo, haipo salama kisheria.

Samaki wa Mtera ni wa aina gani?

Perege na kambare ndio utawakuta zaidi. Barabara ya Iringa kwenda Dodoma inapita hapo hapo bwawani, na basi likisimama Migoli au Mtera utaona mabeseni yanapanda juu mpaka usawa wa dirisha. Wa kukaanga ni wakavu, wanafika Dodoma bila kuharibika. Wabichi angalia macho na mashavu ya ndani kama samaki mwingine yeyote. Usikubali wa kufungwa kwenye mfuko mweusi.

Kuna hatari kuogelea?

Mamba, viboko na kichocho. Wenyeji wanaochota maji wanajua sehemu na saa. Wewe hujui.

Baada ya Kidatu mto unakwenda wapi?

Unatoka kwenye korongo lililokata kati ya milima ya Udzungwa na Rubeho, unafika uwanda wa miwa. Viwanda viwili vya sukari, Msolwa na Ruembe, vimekaa kila kimoja upande wake wa mto, na reli ya TAZARA inauvuka hapo. Kutoka hapo unaingia porini, unakutana na Rufiji juu kidogo ya korongo la Stiegler.

Na hapo sasa kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Kwa hiyo maji yaliyotoka Kitulo yakinusurika Usangu yanawasha taa mara tatu: Mtera, Kidatu, kisha huko. Yanayobaki yanakwenda kwenye mikoko ya delta, mkabala na Mafia.

Naweza kuuona wapi bila kulipa kiingilio cha hifadhi?

Ruaha Mbuyuni. Ukitoka Iringa, ukishateremka mlima wa Kitonga na masikio yakazibuka, unaingia bonde la mibuyu. Kuanzia hapo kuelekea Mikumi barabara inafuatana na mto kwa muda mrefu, uko upande wa kulia, unaonekana na kupotea kwenye miti. Kaa dirisha la kulia.

Pale Mbuyuni wanalima vitunguu kwa maji ya mtoni, vyekundu, vinapangwa kwenye mifuko ya nyavu na mafungu kando ya lami. Ukinunua, bonyeza shingo ya kitunguu kwa kidole gumba. Ikiwa laini, kimevunwa kikiwa bado na maji na kitaoza kabla hujafika Chalinze. Chukua yenye shingo kavu iliyonyauka kabisa, hata kama muuzaji anakwambia kwamba kubwa ndiyo tamu. Dereva atapiga honi mara mbili. Ya kwanza ni ya kukutisha tu.